Nimeandika Kwamba Mama Yangu Amekufa

Ipuli, Tabora
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mama Mwamvita, shikamoo.

Nimetoka kanisani sasa hivi nikakaa na kalamu, na nimeapa kwamba leo nitakueleza yote bila kuficha, hata yale yanayoniaibisha, kwa sababu nimesoma majibu yako mengi na nimeona unavyowagombeza wanaokuletea habari nusu. Nakuandikia wewe wa gazetini na siwaandikii watu wa redio kwa kuwa redio mama yangu anaisikiliza kutwa akiwa shambani, lakini gazeti halifiki kijijini kwetu isipokuwa likiwa limefungiwa kitu. Majina naomba uyabadilishe.

Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha nne na mtihani wa taifa ni Novemba. Hapa Ipuli ninakaa kwa shangazi ili niwe karibu na shule, ila kwetu ni Kwihara, au niseme kwao baba ni Kwihara, maana hilo neno "kwetu" ndilo lililonifanya nikuandikie.

Baba yangu, Masolwa, alikuwa Mnyamwezi wa Kwihara, na alifanya kazi ya kukarabati reli pale Kigwa, ambako nimekulia. Mama yangu, Bernadeta, alizaliwa Ulyankulu, kwenye makazi waliyopewa watu waliokimbia kutoka Burundi mwaka 1972, na babu na bibi upande wake walikuwa miongoni mwa hao waliokimbia, lakini yeye mwenyewe Burundi hajaiona hata siku moja. Amezaliwa hapa, amesoma hapa mpaka darasa la nne, na cheti cha uraia alichopewa pamoja na wenzake amekitunza kwenye kopo la biskuti, juu ya vyeti vya baba. Hata hivyo watu wakimtaja husema "yule wa kule". Pale Kigwa, kwenye nyumba za reli, kulikuwa na watu wa kila kabila na neno hilo sikulisikia. Nililisikia baba alipofariki, miaka miwili iliyopita, tulipompeleka Kwihara kumzika.

Nitakueleza mazishi hayo kwa sababu ndipo nilipoanza kutaka kuondoka. Watani wa Wanyamwezi walikuja kuwatania wafiwa, kama ilivyo desturi, na aliyewaongoza alikuwa mzee Abasi, Mzaramo anayeuza dagaa sokoni mjini, na kabla jeneza halijashushwa alishuka yeye kaburini akajilaza chali na kusema, "Kaburi zuri hili, nimelipenda, Masolwa atafute lingine!" Bibi yangu mzaa baba akanyanyua fimbo. "Toka humo, mla samaki wewe!" Mzee Abasi akajibu akiwa kule chini, "Sitoki mpaka nipewe jogoo! Nyie Wanyamwezi, babu zenu walibeba mizigo mpaka Bagamoyo wakarudi kwa miguu hawajachoka, leo mmoja tu kalala mnataka abebwe na watu sita?" Watu walicheka huku machozi yanawatoka, na bibi alicheka mpaka akashikwa mkono asianguke. Alipotoka kaburini alipita kwa wafiwa mmoja mmoja. Baba mkubwa Nestory, kaka yake baba, alimwambia, "Unalia nini wewe, alipokuwa hai uliwahi kumwonjesha hata kijiko cha asali yako?" Shangazi akaambiwa analia kwa sauti ya treni ya mizigo. Kisha akafika kwa mama yangu. Akasimama, akakunja mikono kifuani, akasema kwa sauti ya chini, "Pole sana, mama." Akanigeukia mimi, "Pole, binti," akapita.

Najua alifanya vile kwa heshima, lakini wafiwa wote wa ukoo ule walitaniwa isipokuwa sisi wawili, tukabaki tumekaa pale mkekani kama watu waliokuja kusubiri usafiri, na mama aliinamisha kichwa, na nadhani aliona nilichokiona mimi ingawa hatujawahi kukizungumza. Matanga yalipoondolewa baba mkubwa alisema mbele ya ndugu wote, "Shemeji tusimfukuze, akae tu hapa Kwihara kwenye ile nyumba ya marehemu, ni mgeni wetu." Alisema kwa wema na mama alimshukuru. Mama Mwamvita, mama yangu alikuwa ameishi na baba miaka kumi na saba.

Tangu hapo nimekuwa nikihesabu mambo ya namna hiyo. Mwaka jana darasa letu lilipelekwa Kwihara kuona lile tembe la kihistoria la enzi za misafara, nami nilifurahi kwa sababu ni dakika kumi kutoka nyumbani kwa bibi, nikajitolea kuwaonyesha wenzangu njia, na msichana mmoja akasema mbele ya wote, "Leonia, hapa bado hujafika kwenu, wewe nyoosha na hii njia ya misafara mpaka ziwani, halafu uvuke." Walicheka na mwalimu akawanyamazisha, tukaendelea kuandika habari za misafara, lakini sikuonyesha tena njia. Halafu nilipokwenda kuomba barua ya utambulisho kwenye ofisi moja, yule aliyekuwa mezani aliniuliza kabila la mama, nikajibu, naye akaweka kalamu chini akasema, "Aa, wa kule," kisha akaniambia nirudi kesho, na kesho yake akaniambia hivyohivyo. Sikupigwa wala sikutukanwa. Ninaeleza tu kwa nini ninatembea katika mji niliouzoea kama mtu anayeogopa kuulizwa tiketi.

Sasa nafika kwenye kosa langu.

Mama mdogo wangu, Mektilda, yuko Kanada miaka mingi, aliolewa na mtu aliyekuwa amepelekwa huko kama mkimbizi. Mwezi wa saba alianza kunitumia ujumbe wa sauti kwenye simu ya shangazi, akisema huko kila mtu ametoka mahali na huulizwi babu yako alizaliwa wapi, nami nilikuwa nausikiliza tena na tena mpaka shangazi akasema nitammalizia chaji. Kisha akanieleza kwamba kwa sheria za huko anaweza kumchukua mtoto wa ndugu yake ikiwa mtoto huyo ni yatima wa baba na mama na hajatimiza miaka kumi na minane. Mimi ninatimiza Januari.

Nikamjibu, "Mama mdogo, lakini mama yupo."

Akasema, "Mwanangu, najua yupo, ni dada yangu wa tumbo moja. Ni maandishi tu hayo. Dada hatapungukiwa na kitu, ataendelea kula na kulima. Cheti cha kifo kitapatikana, kuna mtu. Wewe andika kwa mkono wako ukurasa mmoja, jinsi alivyofariki na jinsi mlivyomzika, unipigie picha, unitumie kabla ya mwisho wa Septemba. Na usimwambie kwanza, atalia bure."

Niliuandika. Niliuandika siku ya Jumatano baada ya masomo, darasani, wenzangu walipokwenda kucheza netiboli. Nilidhani mkono utagoma, lakini mimi insha ndilo somo langu, Mama Mwamvita, na nilipoanza sikuweza kuacha. Niliandika kwamba mama aliugua homa mwezi wa pili, kwamba tulimzika Kwihara kando ya baba, na kwamba watani walikuja wengi, mmoja akajifunga kanga yake akatembea kama anavyotembea yeye, shingo imelala upande mmoja kidogo, na bibi akacheka mpaka akashikwa. Niliandika kwamba mzee Abasi alijilaza kaburini mwake na akakataa kutoka. Nilipousoma ukurasa ule nililia, na kinachonitisha ni kwamba sikulia kwa sababu nilikuwa nimemuua. Nililia kwa sababu mazishi yalikuwa mazuri.

Nikauficha ndani ya atlasi kabla sijaupiga picha. Jana Jumamosi mama alikuja kuniona, ameniletea michembe ya viazi vitamu na karanga, na mimi nikiwa nje nafua sare yeye akaingia kunipangia vitabu. Hawezi kusoma mwandiko wa kuunganisha lakini jina lake analijua popote. Nilipoingia alikuwa ameshika ule ukurasa.

"Mwana wanje," akasema, yaani mwanangu, hivyo ndivyo anavyoniita kwa Kirundi tukiwa wawili, "hapa umeniandika mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Shule wamewaambia muandike mama zenu?"

"Ni insha," nikasema.

"Basi nisomee."

Nikaushika ukurasa nikasoma maneno ambayo hayamo. Nikasoma kwamba mama yangu ni mkulima hodari, anaamka mapema, kisamvu chake cha mawese hakina mfano. Alisikiliza ameweka mikono mapajani kama yuko kwenye misa, na nilipomaliza akasema, "Mbona karatasi imejaa na wewe umeshamaliza?" Nikasema kule chini ni maswali. Akanyoosha mkono akauchukua, akaukunja mara mbili, akaufunga kwenye pindo la kanga. Akasema, "Huu naondoka nao. Jumamosi ya tarehe ishirini na saba jumuiya inakuja kusali nyumbani kwangu, ndiyo mara ya kwanza wamekubali zamu yangu. Nitampa katekista Kasimiri awasomee, wasikie mtoto wangu anavyojua kuandika."

Nilishindwa kumnyang'anya. Nilimsindikiza mpaka barabarani na njia nzima alikuwa anashikashika lile pindo.

Nikinyamaza, katekista atafungua karatasi ile mbele ya majirani wote na kusoma kwamba mwenye nyumba amekufa. Nikimwambia kwanza, nitalazimika kumwambia na sababu, naye atajua kwamba mtoto wake alikubali awe marehemu ili yeye apande ndege. Naweza pia kuandika ukurasa mwingine leo hii, nikautuma, nikaondoka kabla ya mengi kujulikana, na kusema kweli huko bado natamani kwenda, kwa sababu hapa sioni nitakapoacha kuwa mgeni. Naomba unijibu katika toleo la Jumapili ijayo, maana lile la baada yake litanikuta nimechelewa: nifanye lipi, na je, mtu aliyemzika mama yake kwa mwandiko wake mwenyewe anaweza kurudi akakaa naye nyumba moja?

Ni mimi,
Leonia

MAMA MWAMVITA ANAJIBU

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeipata Jumatano na nimeitanguliza mbele ya nyingine zote kwa ajili ya hiyo tarehe ishirini na saba. Majina nimeyabadilisha, na vijiji pia.

Pole kwa kufiwa na baba. Pole na kwa hilo la "mgeni wetu". Wanaolisema hujiona wametoa sadaka, hawajui aliyepewa analala nalo vipi. Hukukosea kuumia, na usimruhusu mtu akuambie kwamba unakuza mambo.

Sasa nikugombeze. Umekaa darasani na kalamu ukamuua mtu aliyekuzaa, kisha akakuletea michembe, kisha ukamdanganya usoni ukiwa umeushika ushahidi mkononi. Ulikuwa na nafasi ya kusema pale alipokuuliza kwa nini karatasi imejaa. Yule mama si mjinga, Leonia. Aliona kwamba ulichosoma hakilingani na kilichoandikwa. Akachagua kukuamini. Hebu kaa na hilo kidogo kabla hujaendelea kusoma.

Mama yako mdogo anakupenda lakini amekushauri vibaya, na mwambie nimesema. Anasema ni maandishi tu. Mimi mdogo wangu yuko Ujerumani mwaka wa kumi na moja, kwa hiyo maandishi hayo nayajua. Ukishamwandika mama yako kuwa marehemu, hutaweza kumwalika mahafali yako. Hutaweza kumwombea viza akuone hata mara moja. Akiugua, kazini utasema unampigia nani? Na siku atakapokufa kweli hutaweza kuja kumzika, kwa sababu watakuuliza unakwenda kumzika nani, na wewe ulishamzika mwezi wa pili. Hapo sijagusa habari ya cheti cha kughushi, ambacho kikijulikana utarudishwa hapahapa, na safari hiyo watakuwa na neno baya zaidi la kukuita kuliko "wa kule". Na hizo habari kwamba huko huulizwi ulikotoka, mdogo wangu anaulizwa kila wiki, tena na watu wema.

Ukurasa huo hautumwi, na hakuna mwingine utakaoandikwa.

Sijasema usiondoke. Kutaka kuondoka mahali unapoumia si dhambi, na pengine utaondoka. Lakini fanya mtihani wako wa Novemba, usome mpaka kidato cha sita, na anayetaka kukusaidia kwenda nje akusaidie kama mwanafunzi, kwa jina lako na mama yako akiwa hai kwenye fomu. Ni njia ndefu na huenda isifunguke. Siwezi kukuahidi. Ninachojua ni kwamba ile nyingine inafungwa nyuma yako milele.

Kuhusu karatasi, usingoje Jumamosi. Ukilipata gazeti hili Jumapili, nenda Kwihara siku hiyohiyo. Usitume mtu wala usipige simu. Mwambie mama kwamba ulichomsomea hakikuwa kilichoandikwa, umwombe aufungue, umsomee kama ulivyo, tangu neno la kwanza mpaka la mwisho, na usiruke pale pa watani. Hapo hasa usiruke. Msomee jinsi alivyoigizwa anavyotembea. Yeye alikuwepo mkekani siku ile, ataelewa kuliko nilivyoelewa mimi. Huenda akalia, huenda akakupiga, huenda akanyamaza, na kunyamaza ndiko kutakuwa kugumu zaidi. Usirudi Ipuli siku hiyo. Kula anachopika, ulale hapo. Unauliza kama unaweza kukaa naye nyumba moja. Hilo jibu lake analo yeye, na hatalitoa kwa siku moja.

Kisha andika ile insha uliyojifanya kuisoma. Umeshaianza kwa mdomo, kisamvu na yote. Jumamosi jumuiya wakija, isome wewe, umesimama, na katekista akae asikilize kama wengine.

Limebaki la mzee Abasi. Mimi ni Mzaramo, binti, na mambo haya nimekulia. Mtani hamtanii mtu asiyejua kama atamjibu. Alimwona mama yako hana ndugu mkekani wa kumnyanyulia fimbo kama bibi alivyofanya, akaogopa kumuumiza, akakimbilia adabu. Alikosea. Mfiwa hapitwi, na kosa hilo lina malipo yake. Wewe ni binti wa Masolwa, na hilo halihitaji kibali cha baba yako mkubwa. Nenda sokoni na mama yako. Usisalimie. Chota dagaa zake mbele ya macho yake bila kuuliza, mwekee mama kwenye kapu, umwambie kwamba hiyo ni faini ya kumpita mke wa Masolwa kaburini. Akifoka na kuwatukana Wanyamwezi wote, na mama yako akiwemo, mmefika. Akisema "chukueni tu, mama", basi niandikie, nitakuja Tabora mwenyewe nimshughulikie.

Sikudanganyi kwamba baada ya hapo watu wataacha kusema. Wengine watazeeka na hilo neno mdomoni, na yule wa ofisini huenda akakuambia urudi kesho mara ya tatu. Utarudi. Utapeleka na cheti cha mama, kile cha kwenye kopo la biskuti.

Na wewe Mnyamwezi usinichoshe. Babu zako walibeba pembe za ndovu miezi mitatu, jua na mvua, wasiangushe hata moja, halafu wewe unapewa karatasi moja tu, unaiangusha mbele ya mama yako! Aibu gani hii? Inuka, uende ukaichukue.